Mkunga Asiyepumua

Jumatatu, 3 Machi

Nafasi ya kudumu hapa redioni ni moja. Wanagenzi tuko wawili. Mkuu wa vipindi, mama asiye na masihara, atatangaza uamuzi wake Ijumaa. Mpinzani wangu ni yule tunayemwita Kobe, kwa kuwa husikiliza kila sauti mara tatu kabla ya kugusa chochote. Namhurumia.

Nimekabidhiwa kuhariri mahojiano na mkunga mstaafu; Kobe kapewa kocha wa mpira. Mkakati wangu ni wa kitaalamu: kuondoa kila kasoro. Kila "aa", kila mguno, kila pumzi. Bibi atatiririka kama bomba! Kobe alichungulia kompyuta yangu, akaniuliza nimepanga huyo bibi apumulie wapi. Wivu mtupu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemaliza. Nimehifadhi kazi mpya juu ya ile ya awali ili kuepusha mrundikano. Asubuhi nilimsikilizisha shangazi, ninayeishi kwake, alipokuwa akimenya viazi. Aliweka kisu chini, akashika kifua. "Mwanangu, huyo mama anakimbizwa na nani?" Kisha akaomba maji. Niliamini ameguswa.

Mkuu hakuguswa. Muda mfupi tu, akavua hedifoni. Alisema hata yeye amekosa hewa. Nirudishe pumzi za watu, kwa sababu kipindi kinakwenda hewani Alhamisi jioni na ukoo mzima wa bibi umealikwa kusikiliza. Nikajibu, "Bila shaka, mama." Nizirudishe kutoka wapi? Rekodi ya awali nimeifunika mwenyewe!

Jumatano, 5 Machi

Ufumbuzi! Yule kocha wa Kobe anapumua kwa wingi usio wa kawaida. Nikaomba sauti yake. Kobe, muungwana asiyejua vita, akanipa. Nikapandikiza pumzi za kocha katikati ya maneno ya bibi.

Matokeo: bibi anasimulia mtoto wa kwanza aliyempokea mikononi, huku akihema kama beki aliyezidiwa mbio. Mahali fulani pia filimbi inalia. Mimi sikuisikia. Mkuu aliisikia. Akataka kujua kama uzazi ule ulifanyika uwanjani. Kesho kabla ya saa sita mchana, ama nimletee sauti halisi ya bibi, ama niage wenzangu.

Nikampigia bibi turekodi upya. Alijibu mjukuu wake: bibi ana mafua, sauti imekauka kabisa. Nimekwisha.

Alhamisi, 6 Machi

Kobe alinikuta nikifungasha. Akauliza kama niliifuta kadi ya kinasa sauti, kama tulivyoagizwa kufanya kila tukirudi kutoka kurekodi. Nikaanza kujieleza kwa heshima kwamba majukumu yalinizonga, kwamba nilikusudia... Akanikatiza: "Hukufuta? Shukuru Mungu, ndugu yangu!"

Mahojiano yote yamo! Nikamkumbatia Kobe na hedifoni zake. Uzembe wangu mwenyewe umeniokoa! Tulikata kikohozi kimoja na mlango uliobamizwa, basi.

Jioni nilisikiliza nyumbani. Kabla ya kumtaja mtoto mmoja ambaye hakulia, bibi alivuta pumzi ndefu. Shangazi alizima jiko ili asikie vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nafasi amepewa Kobe. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya mafunzo chini yake, kwa sharti kwamba nisiguse tena pumzi ya binadamu yeyote. Sikufukuzwa! Nilitoka ofisini mwa mkuu nikiwa mwepesi kama unyoya. Shangazi alisema afadhali, ingawa kwa kudhani nitafukuzwa alikuwa ameshakitafutia chumba changu mpangaji.

Mchana Kobe alinikabidhi nihariri salamu za mkurugenzi wetu kwa wasikilizaji. Hotuba nzuri. Lakini mkurugenzi hucheka mwishoni mwa kila sentensi, jambo lisilolingana kabisa na cheo chake. Nimetafakari sharti langu kwa makini. Linahusu pumzi. Vicheko havikutajwa popote.

Nimeshakata nusu.