Malalamiko Juu ya Kumtumia Mke Wangu Kufundishia Mbio

Isansa, Mbozi
Jumanne, 8 Juni 1954

Kwa Bwana Shauri, Boma, Mbeya

Bwana Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote wewe, mama wa nyumbani kwako, na karani atakayekusomea barua hii. Sisi huku miili haijambo. Mioyo ndiyo haipo sawa hata kidogo, na kwa ajili hiyo nimeshika kalamu.

Mimi ni Zebedayo, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa mwaka wa tisa huu. Sijawahi kukusumbua. Hata mlipotuamuru tuchimbe matuta nilinung'unika ndani kwa ndani tu, nikachimba. Leo naomba jambo moja: jina la Efraimu, mume wa binti yangu Elina, lifutwe katika orodha ya watakaoshindana mbio za maili tatu hapo Mbeya Jumamosi hii. Sababu ni Mwalimu Kasiani wa shule yetu, anayejiita mwalimu wa mbio. Makosa yake ni haya:

1. Hafundishi kukimbia, anafundisha kuzunguka. Baba zetu walibeba barua za watu kutoka Tunduma hadi Mbeya, lakini walikuwa wanakwenda mahali. Huyu anamzungusha mtu mzima mwenye mke uwanjani mara kumi na mbili, wanaishia pale pale walipoanzia, kisha anatazama saa yake na kutikisa kichwa kama daktari. Kwa jasho lile si angalau mtu angefika Vwawa akarudi na chumvi?

2. Efraimu amekatazwa kulima na kubeba kuni, eti miguu itakuwa mizito. Anakula mayai. Mayai, Bwana Shauri! Elina alime, Elina abebe, bwana mkubwa apumzishe mapaja. Na wiki mbili hizi amehamishiwa shuleni alale huko, mbali na mkewe, kwa sababu ambayo Mwalimu alinieleza mbele za watu na ambayo mimi siiandiki katika karatasi ya kwenda Boma.

3. Hapa naomba unisikilize vizuri. Kwetu mwanamume hakutani na mama mkwe wake uso kwa uso. Akimwona kwa mbali huiacha njia akapita porini, na mama naye hugeuka akajifunika. Sasa Mwalimu, ambaye ni mtu wa kuja, hana mke wala mkwe, aliona ajabu. Uwanjani Efraimu alikuwa anajikokota kama anayekwenda kulipa kodi, lakini akipita njia ya shamba langu anakuwa moto. Akamfuata na saa yake. Akagundua kwamba kila anapoiona kanga ya mke wangu Tabita, Efraimu hutoka mguu niponye mpaka apotee, kisha hutembea avute pumzi. Mwenye adabu angeona haya, akambadilishia njia. Yeye aliandika kwenye daftari!

4. Kesho yake akaja kwa mke wangu, kofia mkononi, akamwambia Serikali imeagiza nyasi za kando ya njia zifyekwe. Tabita ni mtiifu, akafyeka darajani. Siku ya pili akaambiwa afyeke bondeni asubuhi, na akimaliza apande mlimani. Efraimu akishuka, mkwe. Akikata kona apande, mkwe tena! Mama wa watoto sita amefanywa fimbo ya kuswagia punda. Kama kitabu cha michezo cha Serikali kimeandika hivyo, nioneshwe ukurasa.

5. Miche yangu arobaini na mitatu ya kahawa imesagwa, maana anayemkimbia mkwe haangalii anakanyaga nini.

6. Kijana mwenyewe ameharibika. Jumapili, Roda mke wa mwinjilisti alikuja kanisani amevaa kanga ya rangi kama ya Tabita. Efraimu alikuwa amesimama anaimba. Alirukia nje kupitia dirishani. Tulimpata mchana ng'ambo ya mto, kitabu cha nyimbo bado mkononi, na swali la kwanza la Mwalimu lilikuwa kama kuna aliyempima kwa saa.

7. Hili linaniuma kuliko yote. Tabita ameshajua anachofanyiwa. Nilidhani atalia, anacheka. Anaamka kabla ya jogoo, anakwenda kujibanza nyuma ya mgomba bila kuitwa na mtu, na akirudi ameshika mbavu ananiambia muda umeshuka. Muda gani? Miaka ishirini na mitano ya ndoa mwanamke huyu hajawahi kuniuliza ni saa ngapi.

Kwa hiyo nimemrudisha Elina nyumbani kwangu, na haendi kwa mumewe mpaka mbio hizi zikome. Analia, hali chakula, na mimi baba yake roho inaniuma kumtazama. Lakini nifanyeje? Leo ni mama mkwe. Kesho Mwalimu atataka baba mkwe kwa mbio ndefu zaidi, na keshokutwa ukoo mzima utapangwa barabarani kutoka hapa hadi Tunduma, huku heshima tuliyoachiwa na wazee ikipimwa kwa saa ya kubonyeza. Lifute jina hilo, Bwana Shauri, na Mwalimu Kasiani mhamishie Galula kwenye joto, aoe huko, apate mkwe, ndipo atajua.

Nisalimie karani, matarishi, askari wa zamu na kila anayekula jasho lake hapo Boma.

Mimi mtiifu wako niliyeishiwa uvumilivu,
Zebedayo wa Isansa

Nyongeza, Jumatatu 14 Juni. Lori la posta liliharibika, nikaamua nije na barua mwenyewe siku ya mbio, na pia nimwone Efraimu akiaibika. Sikupata nafasi ya kukukabidhi. Mimi ndiye yule mzee aliyepanda juu ya meza yenu ya chai. Naomba radhi kwa vikombe. Mzunguko wa mwisho Efraimu alikuwa wa tatu, amekwisha kabisa, na sijui nilipatwa na nini. Nilipiga ukelele kwa pumzi zangu zote kwamba mama mkwe wake yuko nyuma yake, anakuja! Tabita wakati huo alikuwa Isansa anachuma kahawa. Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, ila labda hukuambiwa kwamba baada ya kukata kamba, tena wa kwanza, hakusimama, tukamfuata mpaka uwanja wa ndege.

Elina nimemwambia arudi kwake. Mzigo alikuwa ameshaufunga.

Nasikia mashindano ya nchi nzima ni Dar es Salaam mwezi wa nane. Tafadhali jina lisifutwe. Naomba tupatiwe magari mawili, kwa kuwa hawa wawili hawawezi kupanda gari moja. La Efraimu litangulie. La Tabita lifuate nyuma yake, karibu karibu.