Picha Nane za Idd Sumbawanga

Ijumaa, 20 Juni 1952

Nimepata kamera! Ya sanduku, nyeusi, ina kidirisha cha kuchungulia juu na kitufe pembeni. Bwana Shamba anarudi kwao Ulaya na alikuwa na suruali nne za kupunguzwa kiuno. Nimezipunguza zote, na mifuko nimemwongezea bila kuombwa. Akanipa kamera, na filamu moja ndani yake. Picha nane. Nane tu, kwa hiyo kila moja lazima iwe ya maana.

Mimi ni fundi cherehani, umri miaka thelathini na minne, na nimechoka kujulikana kwa vifungo. Idd ni Jumatatu au Jumanne, mwezi utaamua. Mzee Hamidi, mwenye duka na lori, ndiye mkuu wa kamati ya sikukuu. Leo baada ya swala ametangaza kuwa picha nzuri kupita zote itapelekwa kwenye gazeti Dar es Salaam, na jina la aliyeipiga litaandikwa chini yake. Lukmani bin Saidi, Sumbawanga! Nimeliandika mara tano kwa chaki kwenye meza ya kukatia. Linapendeza.

Tatizo ni moja. Zubery, dereva wa lori la Mzee Hamidi, naye ana kamera. Ya kukunja, kainunua Mbeya. Nimemwuliza mke wangu Mwasiti kama kweli ya kukunja inaishinda ya sanduku. Amesema hajui, ila Zubery ameshapiga picha kwa hiyo yake.

Jumamosi, 21 Juni

Saumu na baridi kwa pamoja. Upepo umetoka huko kijijini Kate na haukusimama njiani. Vidole vimekufa ganzi. Nilikuwa natafuta kitufe kilipo bila kutazama, kama mabingwa wanavyofanya. Nimekipata. Picha ya kwanza: makubadhi yangu. Zimebaki saba.

Mchana amekuja Shangazi Mwantum, dada wa marehemu baba, aliyenilea tangu nikiwa nanyonya. Mwanawe Mikidadi yuko kwenye migodi ya shaba Rodesia, mwaka wa saba huu. Barua yake ya mwisho niliisoma mimi mwenyewe. Aliandika kuwa akifumba macho anaiona kanga ya mama yake, na sauti anaisikia, lakini uso hauji tena. Tangu siku ile Shangazi anataka picha ya kumpelekea. Hajapata kupigwa hata moja maishani.

Nimemwahidi picha ya kwanza ya Idd. Nilimaanisha ya kwanza baada ya zile za lazima. Mwasiti ameuliza za lazima ni zipi. Nimemwambia mambo haya hayaelezeki kwa mtu anayechambua maharage. Ameendelea kuchambua. Chakula cha kufuturu leo kimechelewa sana.

Jumatatu, 23 Juni

Mwezi umeonekana! Watu wa upande wa Malangali wanasema wameuona wao kwanza. Wa Kasense wanasema wao waliuona kabla ila hawakutaka makelele. Kesho Idd.

Nimefanya jambo la akili. Kesho ngoma mbili zitashindana barabarani mbele ya soko, ya Malangali na ya Kasense, kuanzia saa nane. Asubuhi nilimkuta Zubery anafunga karatasi za rangi kwenye lori. Akaniamkia, "Shikamoo kaka." Nimemzidi miaka saba tu, hiyo shikamoo ni dharau. Nikaitikia kwa upole, nikamwambia kamati imesogeza ngoma mpaka saa kumi. Amenishukuru! Akifika mimi nitakuwa nimeshafunga kazi, nimekaa, nakunywa chai.

Nimecheka njia nzima. Watu wamedhani nina furaha ya mwezi.

Jumanne, 24 Juni. Idd Mosi

Nimeshona kanzu mpya kumi na tisa za watu. Yangu haikuwahi. Nimeswali na ya mwaka jana.

Saa nane kamili nilikuwa barabarani na pipa langu la kusimamia. Mji wote ulikuwa nje. Baiskeli zimefungwa maua ya karatasi, watoto wamevaa nguo zinazonuka duka, na Wakristo nao wamekuja wote na vigelegele vyao. Silvana wa Kasense amepanga mitungi ya togwa kando ya pipa langu. Wachezaji wa Malangali wamesimama tayari, njuga miguuni. Ngoma haikuanza. Saa nane u nusu. Saa tisa. Upepo ukaanza kuingia ndani ya kanzu.

Nikamwuliza Mzee Hamidi kulikoni. Akasema wapigaji wa Kasense na ngoma zao zote wanaletwa na lori, na lori analo Zubery, na Zubery ameleta salamu kwamba kamati imesogeza saa. Mzee Hamidi ndiye kamati. Anataka sana kumjua mtu aliyemsogezea saa yake. Nikamwambia mji umejaa watu wa ajabu siku hizi.

Ili kumtuliza nikampiga picha. Akataka nyingine kwa upande wa kushoto, anasema ndiko kunakofanana na babu yake. Nikampiga punda aliyevishwa kofia, maana alikuwa ametulia kuliko Mzee Hamidi. Askari mmoja akasimama wima mbele yangu bila kuombwa, na askari humkatalii. Mzee Hamidi akarudi, anadhani alifumba macho. Nikabaki na mbili.

Saa kumi kamili lori likaingia. Zubery ni mtu wa saa, lazima nikiri. Vumbi, tarumbeta, vigelegele, wanawake wanatupa kanga hewani! Nikapanda juu ya pipa. Ya saba: wachezaji wa Malangali, na mtu fulani aliyefungua mwavuli. Ya nane: kiongozi wa Kasense aliruka juu, watu wakasukumana, pipa likabingirika. Nikaenda nalo mpaka kwenye mitungi ya Silvana. Kitufe kilibonyezwa njiani, sijui na nani.

Silvana amesema mengi kwa Kifipa. Nimejifanya sielewi. Nitamshonea gauni.

Jumatano, 25 Juni. Idd Pili

Shangazi amekuja.

Kanga mpya ya kijani, shanga za marehemu mama yake, viatu vya kuazima vinavyombana. Nyuma yake wanawake sita wa kushuhudia. Wakaweka kiti mbele ya soko, mahali ambapo ngoma zingepita nyuma yake, ili Mikidadi aone kuwa kwao bado kuchangamfu.

Filamu imekwisha tangu jana. Nilitaka kusema. Wallahi nilifungua mdomo. Akaniuliza, "Mwanangu, nitazame wapi ili Mikidadi ajue namtazama yeye?"

Nikamwonyesha jicho la kamera. Nikamwambia atazame hapa.

Kisha, ili ionekane ni kazi kweli, nikaanza kurudi nyuma kupima masafa. Hatua moja. Mbili. Tatu. Ya nne ilikuwa mtaro. Nimezama mpaka magotini, kamera nimeiinua juu kama mtu anayevuka mto na mtoto. Shangazi akacheka mpaka kanga ikamteleza kichwani. Meno yake yaliyobaki yote yalionekana. Nikabonyeza kitufe nikiwa humo humo mtaroni. Kikalia, klik! Wanawake wakapiga vigelegele.

Zubery alikuwa ameegemea lori karibu yangu, kamera yake mkononi, naye anacheka. Huyo hana kazi ya kufanya.

Alhamisi, 26 Juni

Filamu lazima ikasafishwe Mbeya. Anayekwenda Mbeya ni Zubery. Hakuna mwingine! Nimeifunga kwa kitambaa cheusi na kukishona pande zote nne, kushona mara mbili. Nimemwonya asiifungue, mwanga utaiua. Amesema, "Najua, kaka." Nimemwonya pia kuhusu mashimo ya barabarani. Hilo nalo kasema anajua. Kijana mjuaji sana.

Shangazi ameleta jogoo. Jogoo wake yule yule mmoja. Anasema ni shukrani. Mwasiti amempika kwa nazi iliyoletwa na lori, harufu imefika kwa majirani, na mimi nimeshindwa kula. Mwasiti akaniuliza kama naumwa. Nikala paja moja ili asiwe na wasiwasi. Na la pili, kwa sababu hiyo hiyo.

Baadaye Shangazi akaniomba nimwandikie barua itakayokwenda pamoja na picha. Alikuwa anasema, naandika: "Mikidadi mwanangu, huu ndio uso wangu. Umezeeka kidogo lakini ni ule ule. Ukishauona, njoo uutazame wenyewe." Nililazimika kuandika neno la mwisho mara mbili. Baridi hii.

Nimepata njia. Nitasema watu wa Mbeya wameipoteza picha yake. Mbeya ni mbali, hakuna atakayekwenda kuuliza. Ni uongo mdogo na haumdhuru mtu yeyote.

Nimejaribu kuusema mbele ya kioo. Haukutoka vizuri.

Ijumaa, 4 Julai

Lori limerudi. Nilitaka kuifungua bahasha peke yangu, lakini Zubery aliikabidhi dukani mbele ya watu wote, na Mzee Hamidi akaipasua kabla sijamaliza kumwamkia.

Makubadhi yangu, safi, unaweza kuhesabu nyuzi. Mzee Hamidi, hana kichwa. Mzee Hamidi upande wa kushoto, hana kichwa. Nikamwonyesha jinsi kola ya kanzu ilivyokaa sawasawa, mshono wangu ule. Akaigeuza kifudifudi. Punda katoka vizuri sana. Askari ana nyuso mbili. Mzee Hamidi wa tatu ni kidole gumba changu. Mwavuli. Mbingu, na pembeni ukingo wa pipa au mguu wangu.

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno yangu ya Mbeya, maana Shangazi alikuwa mlangoni, amevaa shanga zile zile. Mzee Hamidi akatikisa bahasha. Ikadondoka picha nyingine.

Shangazi Mwantum. Amekaa kwenye kiti, kanga imeteleza, anacheka, na nyuma yake tarumbeta zinapita. Kila kitu kinaonekana, hata mikunjo ya macho. Hakuna kichwa kilichokatwa. Watu wakasogea kuitazama.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akaitazama kwa muda mrefu, nikaogopa haipendi. Kisha akasema, "Kumbe nimefanana na mama." Akakaa juu ya gunia la ulezi na kulia, na wanawake wakalia naye, na Mzee Hamidi akaanza kukuna jicho lake.

Halafu wote wakanigeukia mimi. Mikono yangu imeshikwa mpaka inauma. Mzee Hamidi amenisamehe vichwa vyote viwili. Zubery amesema, "Hongera kaka," akatoka kwenda kutazama tairi.

Kwenye gazeti inakwenda picha yake ya ngoma za Kasense. Sawa. Magazeti hayajui kitu.

Jumamosi, 5 Julai

Barua na picha vimekwenda posta. Shangazi alimshikilia karani mkono mpaka alipogonga muhuri.

Wakati wa chakula Mwasiti aliniuliza filamu yangu ilikuwa na picha ngapi. Nane. Akaniuliza bahasha ilikuwa na ngapi. Nikamwomba chumvi. Akanipa chumvi, akasema ya Shangazi ni ya karatasi pana kuliko nyingine, tena kingo zake zimekatwa kama zile picha ambazo Zubery alimletea mama yake mwaka jana. Kisha akasema mtu mzima akitendewa wema huenda kushukuru, hata kwa miguu.

Sikumaliza ugali. Kweli alikuwa ameegemea lori karibu yangu. Kweli kamera ilikuwa mkononi. Ameniona nabonyeza sanduku tupu, akajua, akanyamaza mpaka leo. Angeweza kunifanya kichekesho cha mji mzima.

Kesho nitakwenda. Nitamwambia asante, na nitamwambia habari ya saa kumi pia. Nimeamua.

Jumapili, 6 Julai

Nimekwenda asubuhi, kanzu safi, maneno yangu nimeyapanga. Zubery alikuwa chini ya lori. Akatoka, akafuta mikono, shikamoo kaka. Akanipa gurudumu la kukalia. Nikasema, "Zubery, nimekuja kwa ajili ya ile picha ya Shangazi."

Akasema, "Usijali kaka. Alicheka vizuri."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Alicheka kwa nini? Kwa sababu ya mtaro! Na mtaroni aliingia nani? Bila mimi angekaa amenuna kama Mzee Hamidi. Kwa hiyo ukitazama vizuri, kazi ngumu niliifanya mimi, yeye alikuwa anabonyeza tu.

Nikamweleza. Nikamweleza pia jinsi ya kushika kamera, jinsi ya kusimama, na kwa nini picha za ngoma zinahitaji pipa. Alisikiliza kwa adabu muda wote, kichwa ameinamisha, mabega yanamtikisika kidogo, nadhani kwa baridi. Mwisho akanipa filamu mpya, zawadi. Nimeipokea kwa kuwa kukataa kungemvunja moyo.

Habari ya saa kumi sikuigusa. Kijana ana kipaji. Akinisikiliza atafika mbali.