Mama Mkwe wa Kiti cha Mbele

Jumatatu, 9 Juni 2025

Ngara. Upepo, vumbi, na kichwa changu kinachemka tangu alfajiri. Siwezi kukaa. Nikikaa, nainuka. Nimeizunguka Probox yangu hadi kuku wameanza kunishangaa.

Hali ni hii. Mke wangu Ildefonsa yuko kwao Mabawe anamuuguza mama yake. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ijumaa mama mkwe anatakiwa hospitali Biharamulo. Daktari wa macho anakuja siku hiyo tu. Akimkosa, asubiri mwakani, na hadi hapo atakuwa anapapasa ukuta. Nimeapa mbele ya wakwe wote kwamba nitampeleka kwa gari letu. Atakaa nyuma kabisa, Ildefonsa katikati yetu, mimi macho barabarani, heshima zote za mkwe zitafuatwa. Baada ya hapo labda wataacha kuniita yule aliyemwoa binti yetu. Nina jina. Naitwa Matiasi.

Lakini gari likae bure hadi Ijumaa? Nani kasema! Watu wamejaa barabarani wanatafuta usafiri. Shida ni bima. Nilikata bima kubwa, ndiyo, ila ya matumizi binafsi. Yule wa ofisini aliniuliza kama nitabeba abiria, nikamjibu nabeba familia tu. Bima ya abiria ni ghali na ina maswali mengi.

Ndipo nikaanzisha kundi la WhatsApp, "Ukoo wa Matiasi". Anayetaka safari anaandika humo: mjomba, kesho una nafasi? Nami namchukua, ananichangia mafuta. Huyo si abiria, ni ndugu. Ukoo umekua haraka. Tunao Wasukuma, Wahaya, na fundi viatu mmoja wa Kigoma.

Gozbert, mwenye Noah ya abiria na bima yake kamili, amenikuta stendi akaniuliza kama ukoo hawajambo. Wivu mtupu.

Jumanne, 10 Juni

Ushindi!

Trafiki katusimamisha Lusahunga. Nilikuwa nimewafundisha wote: tunakwenda msibani, na kila mtu ana cheo chake. Bibi Nyirabahizi, muuza vitunguu, ni mama mkwe wangu. Anafaa. Ana umri, na ana uso wa kumlaumu mtu. Irine, mshona nguo, ni shemeji. Mzee Niyomugabo, mwalimu mstaafu, ni baba mdogo.

Trafiki kauliza nani amefariki. Irine akasema babu. Niyomugabo akasema shangazi. Nikadakia kwamba ni wote wawili, siku moja. Kabla hajauliza zaidi, Nyirabahizi akaangua kilio cha mfiwa kabisa. Trafiki akavua kofia, akatupa pole, akasimamisha malori tupite.

Tumefika Biharamulo Irine, aliyedakia kilio hicho, bado analia. Nikamwambia tumeshafika, anyamaze. Akasema amemkumbuka babu yake wa kweli.

Jumatano, 11 Juni

Balaa!

Tulikuwa tumepita Nyakahura. Mbele yangu Gozbert. Mbele ya Gozbert, pembeni mwa barabara, mama mmoja kainua mkono, kuku kwapani. Abiria! Yaani, ndugu! Nikampita Gozbert kwa kushoto, juu ya kokoto, huku nawaza huyu nitampa cheo gani. Nafasi ya dada ilikuwa wazi. Nilikuwa bado kwenye dada nilipoingia mtaroni.

Gari limeingia kwa pua. Kisha vitunguu vya Nyirabahizi vikaanza kubingirika kutoka nyuma, kimoja kimoja, vikitupita wote kuelekea mbele.

Wote wazima, isipokuwa Nyirabahizi. Kifundo cha mkono kimeteguka na kuvimba. Rejeta imepasuka, taa hakuna, boneti imekunjamana. Gozbert alishuka, akampakia Nyirabahizi akampeleka zahanati bila kumdai kitu. Afadhali angenitukana. Na yule mama mwenye kuku kaondoka naye vilevile!

Gari limevutwa hadi gereji ya Renatus, Biharamulo. Renatus anasema spea zikipatikana kesho, Ijumaa linatembea. Spea zinasubiri bima. Bima inamsubiri mkaguzi. Mimi namsubiri kila mtu, na kusubiri sikuwezi.

Nyirabahizi aliniuliza kama bima yangu itamtibu, kwa sababu bila mkono huo hawezi kulima wala kubeba. Nikamwambia ni bima kubwa hiyo, asiwe na wasiwasi. Roho iliniuma. Nikaiambia itulie, kuna kazi.

Alhamisi, 12 Juni

Mkaguzi wa bima kaja. Ndizeye. Miwani, viatu vinang'aa, Kiswahili cha Dar es Salaam kabisa. Nikasema moyoni: mgeni huyu, atakula chochote nitakachompakulia.

Nikampakulia. Msiba, ukoo, majonzi. Akauliza nani alikaa wapi. Hapo nikajimwaga! Nilijua waongo hukamatwa kwa kukosa maelezo, basi mimi nikampa maelezo. Mimi kwenye usukani. Baba mdogo dirishani. Katikati yetu, mama mkwe wangu mpendwa, bega kwa bega nami, kwa sababu kiti cha mbele hakimchoshi nyonga. Nikaeleza hata jinsi ninavyomwomba asogeze goti nikitaka kubadilisha gia.

Ndizeye akaacha kuandika. Akavua miwani. Akanisalimia kwa Kihangaza, lugha ya huku kwetu Ngara.

Kumbe ni mtu wa Mabawe! Shamba lao linapakana na la wakwe zangu! Akaniuliza, kwa upole mbaya sana, kama naweza kuyarudia hayo maneno ya goti mbele ya baba mkwe. Akasema yeye tangu aoe hajawahi hata kupokea kikombe cha maji kutoka mkononi kwa mama mkwe wake. Angekuwa mama mkwe kweli, akasema, ungemweka nyuma kabisa, na ungejibana mlangoni usimguse hata kwa kivuli.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeyapanga hayo hayo kwa ajili ya Ijumaa! Nilijua! Ila Nyirabahizi kila siku hukaa mbele, nikamzoea hapo, nikasahau kwamba nimemfanya mkwe.

Jibu: nilibeba abiria kwa bima ya matumizi binafsi. Hawalipi gari. Hawalipi mkono wa Nyirabahizi. Alinipa mkono akaniaga vizuri, na hilo limeniumiza kuliko yote.

Nimerudi Ngara. Nimempigia Gozbert kumwomba usafiri wa kesho. Alicheka muda mrefu, kisha akasema sawa.

Ijumaa, 13 Juni

Nilitaka siku hii iwe ya jina langu. Nimeipitisha kwenye buti ya gari la Gozbert.

Ndivyo heshima ilivyotaka. Mama mkwe kiti cha katikati, kanga imemfunika macho. Ildefonsa pembeni yake. Mbele, karibu na Gozbert, Nyirabahizi na mkono wake, anarudi kwa daktari. Mahali pa mkwe palipobaki ni nyuma kabisa, juu ya mizigo, magoti kidevuni. Kwa Ildefonsa nilikuwa nimesema gari limepata hitilafu kidogo. Nikaona tutafika salama.

Lusahunga, trafiki yuleyule! Gozbert akatoa karatasi zake, zote sahihi, anavyojidai. Trafiki akachungulia ndani, akaniona kwenye buti, akaniuliza kwa huruma kama mazishi yalikwenda vizuri. Na Nyirabahizi, kwa mazoea tu, akaangua kilio, akamwambia yeye ndiye mama mkwe wa Matiasi.

Mama mkwe wangu wa kweli, asiyeona, akageuza kichwa kuifuata ile sauti. Akauliza taratibu, huyu mama binti yake ni nani, na aliyemwoa binti yetu amemwoa huyo lini.

Ildefonsa akageuka kunitazama. Mlango wa buti haufunguki kwa ndani. Nimejaribu.

Nikasema yote. Hadi tunaingia Biharamulo nilikuwa bado nasema. Ildefonsa alitaka kunichana kwa ulimi, lakini mama yake akamzuia. Akauliza mkono wa mgonjwa ni upi, akaupapasa kwa vidole, polepole, juu ya bandeji yote. Kisha akatoa hukumu. Bima haikumtibu huyu mama, basi aliyemwoa binti yetu atamlimia hadi apone.

Bado sina jina.

Jumapili, 15 Juni

Mama mkwe anaona! Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, na sioni aibu kuandika. Aliomba aonyeshwe mimi, kwa mbali, inavyofaa. Akanitazama. Akasema alidhani mimi ni mrefu zaidi.

Baada ya misa nimepelekwa shamba la Nyirabahizi. Jumapili! Yeye kakaa kivulini, mkono kaufunga shingoni, ananielekeza kwa ule mzima. Ildefonsa ametangaza kwamba gari likitengenezwa, litatoka na bima ya abiria au litakuwa banda la kuku. Nimeapa mbele ya wote. Safari hii nimeapa kwa moyo mweupe.

Moyo ulikaa mweupe hadi mwisho wa tuta la kwanza. Hapo nikasimama na jembe mkononi, nikaona wazi kosa lilikuwa wapi.

Mama mkwe! Nani alinituma nichague mama mkwe? Kati ya vyeo vyote vya ukoo nimekwenda kuchagua chenye miiko! Shangazi hana mwiko. Shangazi anakaa mbele, anagusa gia, anaegemea bega, na Ndizeye angeandika tu akaenda zake.

Nimemweleza Nyirabahizi. Hakukataa. Alisema nimalize kwanza tuta lile la pili, kisha tuzungumze.

Nimeandika kwenye kundi: kuanzia leo wote waliokuwa wakwe ni mashangazi, na Jumanne gari likitoka kwa Renatus, kwa deni, kuna nafasi mbele.