Njia ya Uzazi wa Mpango Niliyomchagulia Binti

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamua! Binti yangu ana miaka kumi na minane, mwezi ujao anakwenda chuo, na kutwa anacheka na simu. Atahitaji njia ya kuzuia mimba. Nitamchagulia mimi, kimyakimya. Dada yangu anajidai mshauri wa ukoo. Safari hii namtangulia! Nimewauliza wateja huku nawanyoa. Mmoja akataja vidonge, mwingine sindano. Wa tatu akasema ninunue mbwa mkali. Nilicheka, mashine ikamfyeka upande mzima. Kaondoka na kofia yangu.

Jumanne, 4 Machi
Kliniki. Foleni wanawake tupu. Muuguzi akauliza njia ni ya nani. Ulimi ukateleza: nikasema yangu! Akaita wenzake waje wanione. Akasema wanaume kama mimi ni wa kutafuta kwa tochi. Kichwa kikavimba. Nikasaini fomu bila miwani.

Jumatano, 5 Machi
Simu ya kliniki: nifike kesho, nimeoga, operesheni ni dakika ishirini. Kumbe nimesaini kufunga uzazi! Nikatoka mbio hadi kliniki, mteja nimemwacha na povu kidevuni. Nikaungama yote. Muuguzi alicheka hadi akakaa chini. Kisha akawa mkali. Binti aje mwenyewe! Ndiye wa kuulizwa kama ana ugonjwa wowote, kama atakumbuka kidonge kila siku, au anataka kijiti cha mkononi kinachokaa miaka. Na kondomu juu yake, maana hizo nyingine hazizuii magonjwa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia binti. Akatazama sakafu, halafu akasema kijiti anacho tangu wiki iliyopita. Alikwenda na shangazi yake, akaelezwa njia zote, akachagua mwenyewe. Shangazi! Kanipita wiki nzima! Nikauliza kwa nini nilifichwa. Akasema, "Baba, wewe huulizi. Wewe unaamua."
Ikaniingia. Machozi yakanilenga. Nimeapa mbele yake: kuanzia leo, nauliza kwanza.

Ijumaa, 7 Machi
Binti kaamka ameshika shavu. Jino! Sikutaka kumchosha kwa maswali. Nimefunga saluni, nimewahi kwa daktari wa meno, namba moja kwenye foleni, dada yangu bado amelala! Nimeshalipia kung'oa. La nyuma, kulia.
Nadhani ni kulia.