Hotuba ya Kuzindua Mpango wa Kuwatunza Mbwa wa Wagonjwa

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji uliyetuombea kwa ufasaha, mabwana wasimamizi wa mashamba ya chai, viongozi wa vyama vya kina mama, waalikwa mlioketi kivulini, na nyinyi wananchi mliosimama juani: itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka kivulini.)

Mimi, Daktari wa Heshima Festus Kipngetich, Mkurugenzi wa Mpango Jumuishi wa Kuwatunza Wanyama wa Nyumbani Wamiliki Wao Wapatwapo na Dharura, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa unaonifaa sana, kwa kuwa utafiti wetu wa kina, tulioufanya katika hoteli tulivu, umethibitisha kwamba asilimia tisini na sita ya wenye mbwa hawajui ni nani atakayewalisha mbwa wao wakilazwa hospitalini, na asilimia nne iliyosalia ya wenye mbwa haina mbwa. (Kicheko. Mbwa anabweka ndani ya nyumba iliyo nyuma ya umati.)

Nani huyo anayenikatiza?

(Dorcus, mchumaji chai, anainua mkono: "Ni mbwa wa jirani yangu Owiti, bwana mkubwa. Owiti alikimbizwa hospitali Longisa jana asubuhi. Mnyapara akaifunga nyumba kwa kufuli lake ili wezi wasiingie, kisha akaenda likizo na ufunguo. Mbwa yumo ndani, hana hata maji!")

Ahsante, mama. Hiyo ndiyo tunayoiita kitaalamu public participation, yaani ushirikishwaji wa umma. Utaratibu wetu uko wazi: mwenye mbwa humkabidhi mlezi wa akiba mnyama huyo ana kwa ana, yeye mwenyewe akiwa na afya njema. Bwana Owiti akipona, na aje amkabidhi.

(Sauti: "Atakabidhi mifupa!" Kicheko.)

Aidha, kila kambi ya wachumaji itajengewa kituo chenye afisa aliyevaa sare, na gari litamchukua mbwa popote, kuanzia Kedowa hadi Sotik, kabla mgonjwa hajafika wodini.

(Sauti: "Owiti mwenyewe tulimbeba kwa trekta ya majani chai!")

Hilo ni la idara nyingine. Mbona mnaondoka? Sijafika kwenye mafanikio! (Umati unaelekea nyumbani kwa Owiti. Kishindo cha mlango. Dorcus anarudi na mbwa akimnywesha maji kwa sufuria.)

Tazameni, waheshimiwa! Mnufaika wetu wa kwanza! Semeni nami: Mbwa salama! (Dorcus anamwongezea mbwa maji.) Mgonjwa atulie! (Mbwa anabweka.)

Kwa hayo machache, natoa shukrani. Mama Dorcus, nakusihi usiende mbali na mbwa huyo, kwa maana wafadhili wanafika mchana kukagua kituo, na kituo ni wewe. Afisa ni wewe, na tutakutafutia sare. Kabla hamjauvunja mlango ule, mpango huu ulikuwa mimi na kipaza sauti hiki tu, nacho ni cha kanisa.