Vita vya Lenzi Tatu na Mtaa Ulioambiwa Umepinda

Ilikuwa Jumatatu ya tarehe tisa, saa nne asubuhi, balaa liliposhuka: wakubwa wa mipango miji, ambao viti vyao huzunguka lakini shingo zao hazigeuki, walibandika picha ukutani mwa ofisi yao wakatangaza kuwa mtaa wa mafundi umepinda, basi ubomolewe.

Enyi mlioketi, nanyi mlioegemea mlango, zimeni redio, msikie jinsi Mgane, fahali wa kamera, mwenye goti bovu na ulimi wa pilipili, alivyoingia vitani! Maana nyumba ya nne kutoka kona aliijenga na marehemu mkewe, aliyekata roho akingoja gari la wagonjwa, nalo gari limewapeleka wakubwa harusini. Na nyumba nayo waichukue?

Akaapa kuupiga mtaa wote picha moja ndefu, vipande vikishonwa kwenye kompyuta. Akafungua mkoba, lenzi tatu zimelala humo kama mapanga alani.

Kwanza akamchomoa Pana, ambaye humeza nyumba tano kwa tonge moja. Akasimama ukingoni mwa barabara, akapiga, akashona. Lo! Mtaa ukabinuka kama ndizi, nyumba za pembeni zikayumba kama walevi.

"Shemeji," akanguruma dada wa marehemu, malkia wa cherehani, "umewafanyia wakubwa kazi ya bure! Hii si ndiyo picha yao?"

Kweli, ndiyo yenyewe. Nao walisimama papo hapo na lenzi pana, wavivu hata wa kuvuka barabara!

Akamwita Ndefu, mchungulia mbali. Huyo alitaka vipande vingi mno, na katika kila kipande alisimama shemeji, futi shingoni, kidole ukutani.

"Unafanya nini humo?"

"Nashika pindo! Si umesema unashona? Nguo isiyoshikwa pindo itakaa?"

Kompyuta ikatoa mashemeji kumi na mmoja, mmoja hana kichwa.

"Toka kwenye picha, mama wee!"

"Sitoki bila kuombwa vizuri."

Akamwomba vizuri. Kisha akamshika Kati, lenzi ya wastani isiyo na makuu, anayemtaka mtu arudi nyuma. Akarudi! Akavuka barabara, akakata uwanja wa mpira huku goti likilalama, hata mgongo ukagota ukuta wa mwisho. Kamera akaisimamisha wima, kila kipande kikalalia theluthi ya mwenzake. Naam, mtaa ukatoka umenyooka kama uzi uliovutwa, na nyumba ya nne imesimama wima, dirisha wazi.

Tangu miji ianze kutekwa haikuonekana siku kama ile picha ilipobandikwa juu ya ile ya wakubwa! Ofisa wao akaweka rula, akaitazama, akaihamisha, akaweka tena. Amri ya kubomoa akaibandua mwenyewe. Mafundi wakapiga vigelegele hadi vioo vikatetema.

Mgane hakupiga. Aliegemeza mikono mezani, akamwuliza taratibu:

"Mkubwa, mtaa umenyooka. Sasa kilichopinda ni nini?"

Ofisa angali anafuta miwani.