Elementi Iliyoagizwa Isioze

Umma ulitangaziwa kwamba Taasisi ya Vitu Vidogo Sana, iliyopo Terrat, imegundua elementi mpya, na kwamba itazinduliwa Jumamosi mbele ya mgeni rasmi. Elementi yenyewe haikushirikishwa kupanga tarehe.

Ilipewa jina la Elirehemiamu, kwa heshima ya Bwana Elirehema, Kaimu Mkurugenzi, ambaye ndiye aliyelipendekeza. Elirehema alikuwa amekaimu mpaka wanawe wakadhani Kaimu ni jina la ukoo. Sasa mgeni rasmi, Mheshimiwa Abdiel, mwenye mamlaka ya kuthibitisha watu, alikuwa ameahidi kumthibitisha palepale uwanjani, mradi aione elementi kwa macho yake.

Hapo ndipo Daktari Nasieku, aliyeitengeneza kwa kugonganisha atomi mtamboni, alipoeleza kwamba haidumu. Kufumba na kufumbua, imeshaoza.

"Inaoza," alisema Elirehema, "na mnaiacha nje na jua hili?"

Daktari akaanza kufafanua kwamba kuoza huku si kule kwa nyama, lakini friji lilikuwa limeshaagizwa. Likaletwa kutoka buchani kwa Jamaldini, Sombetini, pamoja na ini la mbuzi lililogandia chini likagoma kutoka. Elementi nayo ikaagizwa isioze kabla ya mgeni rasmi, maana itifaki hairuhusu.

Mgeni rasmi alichelewa, kama heshima yake inavyodai. Alipofika akakata utepe, akafunua friji, akachungulia.

"Ndiyo hii?"

Nasieku akafungua kinywa. Elirehema akamkanyaga mguu.

"Ndiyo, Mheshimiwa. Bado mbichi kabisa."

"Mbona kama ini?"

"Ni mionzi, Mheshimiwa."

Abdiel akaitikia kwa kichwa, kitaalamu, kisha akamthibitisha Elirehema kuwa Mkurugenzi kamili. Vigelegele vikapigwa. Elirehema alilia machozi ya kweli, na kwa hilo mimi simcheki.

Machozi hayajakauka, dereva wa Mheshimiwa akasoma kitu kwenye simu, akawasha gari, akaondoka peke yake. Taarifa ilikuwa imeenea: uteuzi wa Abdiel ulitenguliwa asubuhi, akiwa bado mtaani Sakina anakunywa supu. Mzee wa watu akabaki kando ya barabara, anapatana bei na bodaboda.

Elirehema alimsogelea Nasieku taratibu.

"Daktari, basi na uthibitisho wangu nao umeoza?"

"Hapana, Kaimu," alisema Nasieku. "Ili kitu kioze, lazima kwanza kiwe kimekuwepo."